Namna ya Kujenga Hoja kwa Haki ya Mtoto ya Kuendelezwa

Katika Mkataba wa Haki za Mtoto, uliopitishwa na Umoja wa Mataifa tarehe 20 Novemba 1989, makuzi na maendeleo ya mtoto yanatajwa mara nyingi: yamo katika Ibara ya 6, yamo katika Ibara za 18, 23, 27, 29 na 32, na hata pale yasipotajwa kwa jina maudhui yake yanasikika. Hata hivyo, katika malalamiko na hati nyingi za madai haki hii huwekwa mwishoni mwa sentensi kama pambo. Mwandishi husema kwamba haki za mtoto za kuishi, kulindwa na kuendelezwa zimekiukwa, kisha huhamia aya nyingine. Hakimu au afisa anayesoma maneno hayo hapati picha ya kitu kilichoharibika, hajui nani alipaswa kukizuia kisiharibike, wala haoni amri gani anaombwa atoe. Haki imetajwa, lakini haijafanya kazi.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya msaidizi wa kisheria, afisa ustawi wa jamii, mwalimu, wakili au mzazi anayetaka haki hii isimame kwa miguu yake ndani ya lalamiko, barua rasmi au taarifa. Msimamo wangu ni huu: haki ya kuendelezwa hupata nguvu inapofungamanishwa na muda. Inapaswa ionekane kwamba mtoto fulani, katika umri fulani, anapoteza kitu ambacho baadaye kitakuwa vigumu kukirudisha, au hakitarudi kabisa.

Ili tusitangetange, tuchukue mfano mmoja wa kubuni na tuufuate hadi mwisho. Kuna mtoto wa kike kiziwi, mwenye umri wa miaka sita. Tangu alipotimiza miaka minne, wazazi wake wamekuwa wakiiomba mamlaka ya elimu impatie nafasi katika shule yenye walimu wa lugha ya alama, na kila mwaka wanajibiwa kwa barua kwamba wasubiri. Nyumbani hakuna anayeijua lugha hiyo. Mtoto ana afya njema, anakula vizuri na anapendwa, kwa hiyo kwa mtazamo wa haraka mtu angeweza kudhani kwamba hana tatizo lolote isipokuwa kuchelewa shule.

Lielewe neno kabla ya kulitumia

Lugha yetu inatupa maneno kadhaa katika uwanja huu, na kila moja lina mzigo wake. "Ukuaji" hutupeleka kwenye mwili, yaani kimo, uzito na udumavu. "Makuzi" ni mapana zaidi, maana yanagusa tabia, akili na malezi. "Maendeleo" yanaweza kumaanisha makuzi ya mtoto, lakini pia yanamaanisha barabara, umeme na uchumi wa nchi, na hapo ndipo wengi wanapopotea. Tarehe 4 Desemba 1986 Umoja wa Mataifa ulipitisha Azimio la Haki ya Maendeleo, ambalo linahusu haki ya kila mtu na ya watu wote kushiriki katika maendeleo ya kiuchumi, kijamii, kiutamaduni na kisiasa na kunufaika nayo. Hilo si haki ya mtoto tunayoizungumzia hapa, ingawa haki hizi mbili zina undugu. Ukinukuu Azimio la mwaka 1986 kana kwamba ndilo msingi wa Ibara ya 6, upande wa pili utakuwa na sababu ya kulidharau lalamiko lako lote.

Mimi napendelea neno "kuendelezwa", na sababu yake ni ya kisarufi. Kauli ya kutendeshwa inadokeza kwamba yupo mwenye wajibu wa kuendeleza, na swali la nani huyo haliwezi kukwepwa. Neno hilo hata hivyo lina upungufu wake: linamchora mtoto kama chombo kinachofanyiwa kazi na wengine, ilhali mtoto hukua kwa kutenda, kuuliza, kucheza na kukataa. Upungufu huo utazibwa na Ibara ya 12, ambayo tutaifikia.

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko Mkataba. Azimio la Geneva lililopitishwa mwaka 1924 na Shirikisho la Mataifa, chombo kilichoutangulia Umoja wa Mataifa, kutokana na rasimu ya Eglantyne Jebb, mwanzilishi wa shirika la Save the Children, lilianza kwa kutamka kwamba mtoto apewe nyenzo anazohitaji ili akue ipasavyo, kimali na kiroho. Azimio la Haki za Mtoto la mwaka 1959 likapanua orodha hiyo ikawa kimwili, kiakili, kimaadili, kiroho na kijamii. Maazimio hayo yalikuwa ahadi za heshima tu. Kilichobadilika mwaka 1989 ni kwamba ahadi iligeuka kuwa wajibu wa kisheria kwa kila nchi inayouridhia Mkataba.

Usiiache Ibara ya 6 peke yake

Ibara ya 6 ina sehemu mbili fupi. Ya kwanza inatambua kwamba kila mtoto ana haki ya asili ya kuishi. Ya pili inazitaka nchi wanachama kuhakikisha, kwa kiwango cha juu kabisa kinachowezekana, kwamba mtoto anaendelea kuishi na anakua. Kamati ya Haki za Mtoto, chombo cha wataalamu cha Umoja wa Mataifa kinachofuatilia utekelezaji wa Mkataba, katika Maoni ya Jumla (yaani ufafanuzi wake wa Mkataba) Na. 5 ya mwaka 2003, iliitaja ibara hii kuwa miongoni mwa kanuni kuu nne za Mkataba, pamoja na Ibara ya 2 inayokataza ubaguzi, Ibara ya 3 kuhusu maslahi bora ya mtoto na Ibara ya 12 kuhusu mtoto kusikilizwa. Humo humo Kamati ilieleza kwamba inatarajia nchi zilitafsiri neno la maendeleo kwa upana wake wote, kwa maana ya makuzi ya kimwili, kiakili, kiroho, kimaadili, kisaikolojia na kijamii yakichukuliwa kama kitu kimoja.

Upana huo ni neema na ni mtego pia. Haki inayogusa kila kitu ni rahisi kuonekana haigusi chochote, na wakili wa serikali aliye makini atasema kwamba Ibara ya 6 ni tamko la jumla lisiloweza kutekelezwa mahakamani. Namna ya kuuepuka mtego ni kuifunga ibara hiyo na ibara nyingine mbili au tatu zenye maudhui mahususi, na kuonyesha kwamba kuvunjwa kwa hizo ndiko kulikozuia makuzi. Ukitaja ibara kumi na tano, msomaji atahisi kwamba hujui tatizo liko wapi.

Kwa mtoto wetu kiziwi, uchaguzi si mgumu. Ibara ya 23 inasema kwamba msaada kwa mtoto mwenye ulemavu utolewe kwa namna itakayomwezesha kuingia katika jamii na kufikia makuzi yake binafsi kwa ukamilifu uwezekanao. Ibara ya 29 inatamka kwamba elimu ilenge kukuza haiba, vipaji na uwezo wa kiakili na kimwili wa mtoto hadi kikomo cha uwezo wake. Ibara ya 2 inakataza ubaguzi kwa misingi ya ulemavu. Ikiwa nchi husika imeridhia pia Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, Ibara yake ya 24 ni silaha kubwa zaidi, kwa kuwa inataka kujifunza lugha ya alama kurahisishwe, na inataka elimu ya watoto viziwi itolewe kwa lugha na njia zinazowafaa, katika mazingira yanayokuza kwa kiwango cha juu maendeleo yao ya kitaaluma na ya kijamii. Msomaji akiziona ibara hizo zikiwa zimezunguka Ibara ya 6, hawezi tena kudai kwamba haki ya kuendelezwa ni maneno matupu.

Kesi ya mtoto mwingine ingehitaji ibara tofauti. Familia iliyofukuzwa katika makazi yake ingejengewa hoja juu ya Ibara ya 27, inayohusu hali ya maisha inayotosha kwa makuzi ya mtoto. Mtoto anayefanyishwa kazi angeegemea Ibara ya 32. Mtoto aliyelazwa hospitali kwa miezi mingi bila nafasi ya kucheza angeegemea Ibara ya 31, ambayo watetezi wengi huisahau kwa sababu hudhani kuwa mchezo ni jambo dogo. Kamati haikuliona hivyo, na mwaka 2013 ililitolea Maoni ya Jumla kamili, Na. 17.

Ushahidi wa muda

Hapa ndipo kazi kubwa ilipo, na ndipo malalamiko mengi yanapodhoofika. Nakushauri uanze na kalenda ya maisha ya mtoto kabla hujaandika hoja yoyote ya kisheria. Chukua karatasi, andika tarehe ya kuzaliwa juu kabisa, kisha panga kila tukio kwa tarehe yake na kando yake uandike umri wa mtoto kwa miaka na miezi: siku uziwi ulipogunduliwa, siku ombi la kwanza lilipopelekwa, siku kila jibu lilipopokelewa, siku mtoto alipokutana kwa mara ya kwanza na mtu anayetumia lugha ya alama, kama siku hiyo imewahi kuwapo. Barua ya kukataliwa iliyoandikwa "Machi" ni karatasi ya ofisini tu. Barua hiyo hiyo ikiambatanishwa na maneno "mtoto akiwa na miaka minne na miezi saba" inakuwa ushahidi.

Wapo waliokwisha kulitambua jambo hili katika ngazi ya juu. Mwaka 2011 Kamati ya Wataalamu ya Afrika kuhusu Haki na Ustawi wa Mtoto, inayosimamia mkataba wa Afrika wa haki za mtoto, iliamua lalamiko la watoto wa jamii ya Wanubi nchini Kenya, waliokosa uhakika wa uraia na huduma zinazoambatana nao. Kesi yao ilikuwa imekaa miaka mingi katika mahakama ya ndani bila kusikilizwa kiini chake. Kamati hiyo ya Afrika ilikumbusha kwamba mwaka mmoja katika maisha ya mtoto ni karibu asilimia 6 ya utoto wake wote. Hesabu hiyo ni rahisi, kwani utoto kwa mujibu wa Mkataba hukoma katika miaka 18, na kila mtetezi anapaswa kuifanya. Mtoto wetu amesubiri miaka miwili, na hiyo ni zaidi ya sehemu moja ya kumi ya utoto wake.

Lakini miaka haina uzito ulio sawa. Miaka miwili ya kusubiri kwa kijana wa miaka kumi na sita ina madhara yake, na miaka miwili ya kusubiri kwa mtoto anayepaswa kujifunza lugha yake ya kwanza ina madhara ya namna nyingine, kwa sababu miaka ya awali ndiyo ubongo unapoipokea lugha kwa wepesi zaidi, na mtoto kiziwi aliyekosa lugha anayoweza kuifikia katika miaka hiyo huwa katika hatari ya kubaki na upungufu wa lugha ambao masomo ya baadaye hayaufidii kikamilifu. Kuchelewa huko hakuishii kwenye lugha. Mtoto asiye na lugha hawezi kueleza kwamba anaumwa wapi, hawezi kubishana na wenzake kuhusu kanuni za mchezo, hawezi kuambiwa hadithi, na hawezi kutoa taarifa iwapo mtu amemdhuru. Kwa hiyo upande mmoja wa makuzi unapozuiwa, pande nyingine huburutwa nao, na hiyo ndiyo maana halisi ya kusema kwamba makuzi ni kitu kimoja.

Maneno kama hayo yasitoke kinywani mwa mtetezi pekee. Tafuta taarifa ya mtaalamu anayemfahamu mtoto, awe mwalimu wa elimu maalumu, daktari au mtaalamu wa lugha na matamshi, na umwombe ajibu maswali matatu kwa maandishi: mtoto huyu anaweza kufanya nini leo, angeweza kufanya nini kama angepata huduma aliyoomba kwa wakati, na nini kitatokea ikiwa hatapata huduma hiyo katika miezi kumi na miwili ijayo. Swali la tatu ndilo husahaulika, ingawa ndilo linalomsukuma hakimu kutoa amri ya haraka.

Kuna tahadhari mbili hapa, na ninazitoa kwa mkazo. Ya kwanza inahusu kipimo. Usimpime mtoto kwa wastani wa watoto wengine kana kwamba kupungua kwake chini ya wastani ndilo kosa. Ibara ya 29 inazungumzia kikomo cha uwezo wa mtoto mwenyewe. Mtoto kiziwi hahitaji kugeuzwa kuwa mtoto anayesikia ili haki yake ionekane imetimizwa. Anahitaji lugha yake, walimu wake na wenzake. Lalamiko linalomwelezea kama mtu aliyeharibika linaweza kushinda kesi huku likimdhalilisha mwenye kesi.

Tahadhari ya pili inahusu kishawishi cha kuandika kwamba mtoto asipoendelezwa leo atakuwa mzigo kwa taifa kesho. Hoja hiyo hupendwa kwa sababu huwagusa watu wa bajeti, lakini inaugeuza utoto kuwa chumba cha kusubiria utu uzima. Jiulize ingemsaidiaje mtoto mwenye ugonjwa ambao madaktari wanajua hautamruhusu kufika utu uzima. Haki yake ya kujifunza, kucheza na kupendwa ni kamili leo, ingawa hakuna taifa litakalovuna chochote kutoka kwake. Ukilazimika kutaja gharama za baadaye, zitaje kama nyongeza, na kiini cha hoja kibaki katika kile ambacho mtoto anakikosa sasa.

Sauti ya mtoto

Ibara ya 12 inampa mtoto anayeweza kuwa na maoni yake haki ya kuyatoa kwa uhuru katika mambo yote yanayomhusu, na maoni hayo yapewe uzito kulingana na umri na upevu wake. Katika Maoni ya Jumla Na. 12 ya mwaka 2009, Kamati ilipinga nchi kuweka umri wa chini wa kusikilizwa, na ilitambua kwamba hata watoto wadogo sana hueleza nafsi zao kwa mchezo, michoro, ishara na sura zao. Kwa hiyo kauli kwamba mtoto wa miaka sita asiye na lugha hawezi kusikilizwa si sahihi. Inahitaji tu mbinu nyingine: picha za shule mbili na uangalie anaelekeza kidole wapi, siku moja katika darasa la watoto viziwi na maelezo ya mwalimu kuhusu mtoto alivyobadilika, michoro yake ikiwa na tarehe. Tafuta mkalimani kiziwi ikiwezekana, kwa kuwa mtu aliyekulia ndani ya lugha ya alama mara nyingi huzielewa ishara za nyumbani ambazo mkalimani anayesikia huzikosa.

Sehemu hii ya lalamiko iandikwe kwa uaminifu. Usimwekee mtoto maneno ya kisheria mdomoni. Ikiwa alichoonyesha ni kwamba hakutaka kuondoka darasani ilipofika saa ya kurudi nyumbani, andika hivyo hivyo.

Nani alipaswa kufanya nini

Upande wa serikali mara nyingi utaanza kwa kuwaelekeza wazazi kidole: kwa nini hawakujifunza lugha ya alama wenyewe, kwa nini hawakuhama. Jibu lako lijengwe kwa ngazi. Ibara ya 18 inawapa wazazi wote wawili jukumu la kwanza la malezi na makuzi ya mtoto, na Ibara ya 27 inaongeza kwamba wajibu wao unaenda sambamba na uwezo wao wa hali na mali. Ibara hizo hizo, hata hivyo, zinaitaka nchi iwasaidie wazazi kutimiza jukumu hilo. Wajibu wa wazazi ndio unaouzaa wajibu wa nchi. Andika basi kile ambacho wazazi walifanya, kwa tarehe, kisha msaada walioomba, kisha ukimya au jibu walilopata. Mlolongo huo ukikamilika, lawama haina tena pa kurudi kwao.

Jibu la pili la serikali litakuwa kwamba fedha hazitoshi. Usilipuuze, kwa sababu Mkataba wenyewe unakiri katika Ibara ya 4 kwamba haki za kiuchumi, kijamii na kiutamaduni hutekelezwa kwa kiwango cha juu cha rasilimali zilizopo. Lakini maneno hayo yanaibana serikali kuliko yanavyoifungulia mlango. Serikali inayotumia hoja ya uhaba inapaswa kuonyesha hesabu: rasilimali zipi zilikuwapo, zilipangwaje, na kwa nini mtoto mwenye ulemavu ndiye aliyewekwa mwisho wa foleni. Maoni ya Jumla Na. 19 ya mwaka 2016, yanayohusu bajeti za umma, yanasaidia sana hapa. Omba kwa maandishi, mapema kabla ya shauri, takwimu za nafasi zilizokuwapo na vigezo vilivyotumika kuzigawa. Mara nyingine utagundua kwamba tatizo halikuwa fedha, ila hakuna aliyepanga. Kumbuka pia kwamba katazo la ubaguzi halisubiri bajeti, na kwamba huduma iliyokuwapo ikaondolewa huhitaji maelezo mazito zaidi kuliko ile ambayo haijawahi kuwapo.

Nafuu za kuomba

Tamko kwamba haki imevunjwa ni la lazima, lakini peke yake halimfundishi mtoto neno hata moja. Omba vitu vyenye tarehe na mwenye kuwajibika. Katika mfano wetu ningeomba nafasi ya shule ndani ya siku zilizotajwa, mwalimu wa lugha ya alama wa kumfuata nyumbani hadi nafasi hiyo ipatikane, mafunzo ya lugha hiyo kwa wazazi na ndugu zake, tathmini ya makuzi yake kila baada ya miezi sita ikiwa na nakala kwa mahakama, na mpango wa kufidia muda uliopotea. Ombi la mwisho ni muhimu kuliko linavyoonekana. Kumwingiza mtoto darasani leo kana kwamba miaka miwili haikupotea ni kumbebesha yeye gharama ya kosa la wengine. Ongeza ombi la amri ya muda mwanzoni mwa shauri, ili mtoto asiendelee kusubiri wakati watu wazima wanabishana.

Pa kuipeleka hoja

Anza ndani ya nchi, na uanze kwa kuhakikisha mambo mawili: kwamba nchi imeridhia Mkataba, na kwamba mahakama zake zinaweza kuutumia moja kwa moja au kwa kupitia sheria iliyotungwa na bunge. Karibu nchi zote duniani zimeridhia. Marekani ilitia saini mwaka 1995 na mpaka sasa haijaridhia. Pale ambapo Mkataba hauna nguvu ya moja kwa moja, tumia katiba na sheria ya mtoto ya nchi kama msingi, na Mkataba uuweke kama mwanga wa kuzitafsiri. Ibara ya 41 inakuruhusu kutumia sheria ya ndani iwapo ndiyo inayomfaa mtoto zaidi.

Mifumo ya kikanda ina uamuzi wa kukusaidia hata kama nchi yako haimo ndani yake. Mahakama ya Haki za Binadamu ya Nchi za Amerika, katika hukumu ya mwaka 1999 dhidi ya Guatemala kuhusu mauaji ya vijana waliokuwa wakiishi mitaani, ilisema kwamba haki ya kuishi ni zaidi ya kutouawa. Ni pamoja na kutozuiwa kupata masharti ya maisha yenye heshima, na ilieleza kwamba kuwaacha watoto katika ufukara ni kuzuia makuzi kamili ya nafsi zao. Barani Afrika, Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990, ulioanza kutumika mwaka 1999, unaweka katika Ibara ya 5 uhai, ulinzi na maendeleo ya mtoto pamoja, na katika Ibara ya 4 unayafanya maslahi bora ya mtoto kuwa jambo la kwanza, lugha iliyo kali kuliko ile ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa.

Iwapo njia za ndani zimeshindikana, na nchi imeridhia Itifaki ya Hiari kuhusu utaratibu wa malalamiko, yaani mkataba wa nyongeza kwa Mkataba wa Haki za Mtoto, iliyoanza kutumika tarehe 14 Aprili 2014, unaweza kwenda mbele ya Kamati ya Haki za Mtoto. Lalamiko liwe la maandishi, lisiwe la mtu asiyejitaja, na lifike ndani ya mwaka mmoja tangu njia za ndani zilipoisha. Sharti la kumaliza njia za ndani si la kuchezewa. Mwaka 2019 watoto 16 waliwasilisha malalamiko kuhusu mabadiliko ya tabianchi dhidi ya Argentina, Brazil, Ufaransa, Ujerumani na Uturuki. Mwaka 2021 Kamati ilikubali kwamba nchi inaweza kuwajibika kwa madhara yanayovuka mipaka yake, na bado ikakataa kuyapokea malalamiko hayo kwa sababu walalamikaji hawakujaribu kwanza mahakama za nchi hizo. Sharti hilo hulegezwa tu pale njia za ndani zinapochukua muda usio na sababu au pasipo na dalili ya kuleta nafuu ya kweli, na hapo ile kalenda uliyoiandika mwanzoni itakutetea tena, maana itaonyesha kila ahirisho na umri wa mtoto siku hiyo. Kama hatari ni ya haraka, iombe Kamati iitake nchi ichukue hatua za muda ili kuzuia madhara yasiyorekebika.

Kamati ikikubaliana nawe, nchi hupewa hadi miezi sita kueleza kwa maandishi hatua ilizochukua. Usikae kimya katika miezi hiyo. Mwombe yule mtaalamu wa kwanza ampime mtoto tena kwa maswali yale yale matatu, kisha uipelekee Kamati matokeo yake kwa barua fupi ambayo mstari wake wa kwanza ni umri wa mtoto, kwa miaka na miezi, siku barua inapoandikwa.